Faili Tisa za Mzee

Jumanne, tarehe 11 Julai 2006. Baridi. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeshuka hadi kwenye nguzo za stima. Mzee amepika chai.

Hayo ndiyo yote niliyoandika kwenye daftari langu siku ile, na kwa muda mrefu nilidhani yanatosha. Nikiyasoma sasa naona mtu mwingine hawezi kuelewa kwa nini mwanamume kupika chai ofisini ni jambo la kuandikwa. Nitajaribu kueleza. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ofisi yetu ilikuwa Parklands, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa vya sari. Tulikuwa watu wanne. Madam, mwenye kampuni, siku nyingi alikuwa tauni, katikati ya jiji, akizungumza na wateja. Mzee alikuwa fundi mkuu. Hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini kwa ile miwani na ile sweta ya kijivu hakuna aliyemwita vingine. Wa tatu alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na Mzee alimwita Injinia kwa kumchokoza. Wa nne ni mimi. Tulitengeneza programu ya zahanati: kadi za wagonjwa, dawa walizopewa, siku za kurudi.

Mimi niliingia pale kupokea simu. Shule niliiachia kidato cha pili, halafu nikasomea kompyuta miezi mitatu kwenye chuo kimoja cha ghorofani tauni, kuchapa barua na kupanga majedwali, basi. Alasiri moja simu zilipokuwa zimenyamaza Mzee alivuta kiti karibu na chake akasema, "Karani, kuja uone vile hii kitu inafikiria." Miaka miwili baadaye bado aliniita karani, lakini nilikuwa naandika programu kama wengine. Kila nilichojua nilikitoa kwake. Sisemi hivyo ili kumpamba. Hakukuwa na mwingine wa kunifundisha, na vitabu vya kazi ile vilinishinda kila nilipofika ukurasa wa kumi.

Ukutani nyuma ya kiti chake palibandikwa karatasi ya manila aliyoichora kwa mkono: visanduku vitatu na mishale miwili. Cha kwanza kiliandikwa Mapokezi, cha pili Daktari, cha tatu Stoo. Mapokezi ni zile skrini ambazo karani wa zahanati anaziona na kuzijaza. Daktari ni sehemu ya programu inayojua masharti, kwa mfano kwamba mgonjwa mmoja asiandikishwe mara mbili, na mtoto asipewe kipimo cha mtu mzima. Stoo ni mahali kumbukumbu zote zinapowekwa. Mshale mmoja ulitoka Mapokezi kwenda kwa Daktari, wa pili ukatoka kwa Daktari kwenda Stoo. Kutoka Mapokezi moja kwa moja hadi Stoo hapakuwa na mshale, na hapakuruhusiwa kuwa nao.

"Umeona wapi," aliniuliza siku ya kwanza, "msichana wa mapokezi anaingia stoo ya dawa, anajichotea tembe, anapea mgonjwa?"

Nikamwambia zahanati moja kwetu Kinoo nimeona.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ndio maana watu wa Kinoo hawaponi."

Kila Ijumaa alichapisha kazi ya wiki kwenye karatasi, akaisoma mstari kwa mstari na rula na kalamu nyekundu, kama mwalimu wa shule ya msingi. Akikuta skrini imeruka Daktari na kwenda Stoo yenyewe, alipiga mstari mwekundu na kukuita. Tena tulikuwa na desturi aliyoianzisha yeye. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyokuwa na kazi moja tu: kila asubuhi saa tatu u nusu ilikusanya kazi ya sote, ikaijenga programu upya, kisha ikaipitisha kwenye majaribio, yaani vijiprogramu vidogo vya kuikagua ile kubwa. Yote yakipita, skrini yake ilikuwa kijani. Moja likianguka, ilikuwa nyekundu, na jina la faili lililoharibu likaonekana. Mwenye faili hilo ndiye aliyepika chai ya saa nne kwa wote. Nilipika sana. Injinia naye alipika. Mzee sikuwahi kumwona, na Injinia alikuwa akisema huyu hajui hata kiberiti kinakaa wapi.

Aprili mwaka ule jambo lilitokea. Zahanati moja ya wateja wetu ilimwandikisha mama mmoja mara mbili, akawa na kadi mbili kwenye programu. Kwenye moja iliandikwa kwamba dawa fulani ya sindano inamdhuru, kwenye nyingine hakuna. Karani akafungua ile isiyo na onyo. Muuguzi aliyekuwa akimjua yule mama akakataa kumdunga, na hivyo hakuna aliyeumia. Tulipotafuta chanzo tukakuta skrini ya kuandikisha ilikuwa inapeleka majina Stoo moja kwa moja. Daktari, anayejua kuuliza kama mtu ameshaandikishwa, hakuulizwa.

Skrini hiyo niliiandika mimi. Ilikuwa wiki ya haraka, nikakata njia, na Mzee Ijumaa ile macho yake yakapita juu ya ule mstari. Madam alipouliza ni nani, nilifungua mdomo, lakini Mzee alinitangulia. "Nilipitisha mimi," alisema. Ni kweli alipitisha. Jina langu halikutajwa, wala sikulitaja.

Basi Madam akasema macho ya mtu mmoja hayatoshi tena, kwa sababu programu imekuwa kubwa, na kwamba sheria ya ile karatasi ya manila ikaguliwe na kompyuta kila asubuhi. Mzee alikubali kabla hajamaliza sentensi. Kazi nikapewa mimi. Nadhani ni kwa sababu wengine walikuwa na kazi nyingi, ingawa Mzee alisema ni kwa sababu mimi ndiye nimeshaona ubaya wake.

Jaribio lenyewe lilikuwa jambo dogo, na naona haya kidogo kulieleza kama vile ni uvumbuzi. Kila faili la programu linaanza kwa mistari michache inayotaja ni nani litakayemwita. Mimi niliiambia kompyuta ifungue kila faili lililo kwenye folda ya Mapokezi, isome ile mistari ya juu, na ikikuta jina la Stoo, ianguke. Halikufika mistari arobaini. Injinia angeliandika kwa njia safi zaidi. Ni lazima niseme pia kwamba mambo mawili bora ndani yake yalikuwa yake. La kwanza, akiniita dada kama kawaida yake, alisema, "Siz, isiseme tu kuna makosa. Itaje faili na namba ya mstari, la sivyo watu wataichukia." La pili lilikuwa orodha. "Kuna faili za zamani kabla hiyo manila ibandikwe. Hizo zisamehe kwanza. Weka orodha ya msamaha, lakini isiongezwe hata moja, ipungue tu."

Hilo ndilo lilikuwa sharti: msamaha ni kwa faili zilizoandikwa kabla ya manila.

Nililiendesha mara ya kwanza Alhamisi, mwisho wa Juni, mchana. Mzee alikuwa ameenda tauni na Madam, Injinia alikuwa ametoka kula. Faili kumi na nne zikaanguka. Mbili zangu. Tatu za Injinia. Tisa za Mzee.

Nilidhani nimekosea. Nikaliendesha tena, nikafungua moja baada ya nyingine kwa macho yangu. Zilikuwa tisa. Nikatazama tarehe. Sita ziliandikwa kabla ya manila, kwa hiyo zilikuwa na haki ya kusamehewa. Tatu ziliandikwa baada. Yaani alichora sheria, akaibandika nyuma ya kiti chake, halafu akageuka akaivunja mara tatu, na hakuna aliyeona, maana kazi ya kila mtu ilisomwa na yeye, na kazi yake haikusomwa na mtu.

Nilikaa pale nikisikia kengele ya hekalu la mtaa wa nyuma. Kwa Injinia ingekuwa kicheko tu. Kwa Mzee niliona vingine. Niliona skrini nyekundu Jumatatu asubuhi, jina lake mistari tisa, na mkono ulioizua aibu hiyo ni wangu, mkono alioufundisha mwenyewe. Niliogopa kwamba kile kiti kando ya chake hakitavutwa tena. Na nilikumbuka Aprili, vile alivyonifunika.

Nikaziweka zote tisa kwenye orodha ya msamaha. Sita zilistahili. Tatu niliziingiza nikijua. Tano zetu, zangu na za Injinia, zote za baada ya manila, nikaziacha zianguke, na hilo nikaliona kuwa ndio uadilifu wangu.

Jumatatu tarehe tatu skrini ilikuwa nyekundu. Injinia alikuwa na tatu, akapika chai. Jumanne zilibaki mbili zangu, nikapika mimi. Injinia akiwa ameshika kikombe alisoma yale majina tena. "Mzee hana hata moja? Wacha. Huyu ni malaika."

"Injinia," Mzee alisema, akivuta sweta chini, "huo ni mkono wa kitambo. Nyinyi mmefundishwa na projekta."

Alifurahi. Hicho ndicho kitu ambacho sikukipangia. Nilikuwa nimefikiria kumwepusha na aibu, sikuwa nimefikiria kwamba angejivuna. Wiki nzima alikuwa na raha. Alimwita Injinia aone vile faili safi inavyokaa, akapiga ile manila kwa rula akipita. Mimi nilikuwa nikitazama meza yangu. Mara mbili nilitaka kumwambia, na mara mbili simu ililia, au nilijiambia imelia.

Halafu Ijumaa ikafika. Nilikuwa nimejidanganya kwamba hatasoma jaribio, kwa sababu jaribio si programu ya mteja. Lakini Mzee alisoma kila kitu kilichoandikwa wiki ile, ndivyo alivyokuwa. Mnamo saa tisa nilisikia mashine ya kuchapisha, kisha rula ikishuka kwenye karatasi, mstari, mstari. Ikasimama. Sikuinua kichwa. Ilisimama muda mrefu. Kisha alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Haya, tuonane," akaondoka kabla ya saa kumi. Hakuna alichotia wino mwekundu.

Jumatatu hakuja. Madam alisema amepiga simu, ameenda nyumbani Ukambani, mkewe anakaa huko akilima. Injinia aliuliza kama kuna msiba. Madam akasema hajaambiwa. Mimi nilijua msiba ni upi, au nilidhani najua. Nilikaa siku nzima nikiangalia kile kiti na ile manila juu yake. Usinichukulie kwamba nilikuwa na ujasiri. Nilifikiria kufuta zile tatu kimya kimya kabla hajarudi, ili akirudi aone kama ndoto. Sikufuta. Siwezi kusema ni kwa sababu nzuri. Injinia alikuwa amekaa karibu.

Ndipo tunafika kwenye Jumanne ya daftari. Niliingia nikiwa nimelowa mabega. Kiti cha Mzee kilikuwa wazi, lakini sweta ilikuwa imetundikwa. Saa tatu u nusu ile kompyuta ya kona ikaanza kazi yake, na ilipomaliza Injinia ndiye aliyekuwa mbele yake.

"Hii mashine imeshikwa na wazimu," alisema.

Nikaenda nikaona. Nyekundu. Mistari tisa, faili tisa, zote za Mzee. Mtu alikuwa amekuja mapema akaitoa orodha yote ya msamaha.

Kutoka jikoni, ambapo hapakuwa pakubwa kuliko kabati, tukasikia vikombe, kisha sauti yake. "Mashine iko sawa. Nani anataka tangawizi?"

Alitoka na trei, hatua kwa hatua, kama mtu anayebeba mayai. Chai ilikuwa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi, na aliijaza mpaka ukingoni ikamwagika kwenye trei. Madam alikuwepo asubuhi ile, akatoka ofisini kwake kwa harufu tu. Injinia akapokea chake.

"Karibu chamani, malaika."

"Asante. Niko na tisa. Kwa hivyo mtakunywa hii chai yangu mpaka wiki ijayo."

"Mzee," nikasema, "hizo niliziweka mimi kwa msamaha. Tatu hazikustahili. Nilijua."

Nilisema mbele ya wote kwa sababu nilihisi nikingoja tubaki wawili sitasema. Madam aliniangalia, akamwangalia Mzee, akakoroga chai yake.

"Ulinificha," Mzee alisema.

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Ulinificha." Hakupandisha sauti. "Wiki mzima natembea hapa kifua mbele, nachokoza huyu kijana wa watu, na wewe unaniangalia tu. Ungeniita kando uniambie, Mzee, kuja uone. Si hivyo ndio mimi nilikuita?"

Nikamjibu, na mpaka leo sijui kama jibu lilikuwa haki au utovu wa adabu. "Na ile ya Aprili? Si wewe pia ulinificha?"

Alitafakari. Hilo namkumbuka nalo kuliko yote, kwamba hakukasirika, alifikiria kweli, akiwa ameshika trei ya chai iliyomwagika. "Nilisema nilipitisha, na nilipitisha. Huo haukuwa uwongo." Akaiweka trei mezani. "Lakini nilikuficha. Hiyo ni kweli. Madam, ile skrini ya Aprili iliandikwa na karani."

"Nilijua," Madam alisema. "Nyinyi mnadhani mimi sisomi majina kwa faili." Akarudi ofisini kwake na kikombe.

Basi mambo yakamalizika hivyo, kama yalimalizika. Mzee alirudisha zile sita za kabla ya manila kwenye orodha, lakini safari hii kila moja na jina lake na sababu yake, na orodha hiyohiyo akaiandika kwa mkono chini ya manila ukutani, ambapo hata mgeni angeisoma. Tatu akasema atazitengeneza leo kabla ya kwenda nyumbani.

Mbili alizimaliza kufikia saa sita. Ya tatu ikamkataa. Ilikuwa skrini ya kumtafuta mgonjwa kwa jina, na tatizo halikuwa skrini, ila Daktari hakuwa na njia ya kuulizwa swali kama hilo. Ndiyo maana Mzee alikata njia zamani zile. Nilimsikia akiguna, akiandika, akifuta. Mwishowe alivuta kiti kando ya chake, kile kiti, bila kunitazama.

"Karani. Kuja uone."

Mimi nilikuwa nimeshapambana na swali hilohilo nilipokuwa natengeneza skrini yangu ya Aprili. "Mzee, sogea kidogo," nikamwambia, na akasogea. Nikaandika nikimweleza, naye akawa anauliza kama mwanafunzi mkaidi: kwa nini hapa, kwa nini si pale, nani amekwambia. Mara moja alinikosoa, na alikuwa sahihi. Mnamo saa tisa u nusu tukaiendesha ile kompyuta ya kona nje ya wakati wake. Ikawa kijani. Mzee akatoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwa kiganja, akachukua kalamu nyekundu na rula, akapiga mistari mitatu juu ya majina ya faili zake mwenyewe. Akaichomeka chini ya manila.

"Ukikuta ingine yangu," alisema, "usiniweke msamaha. Niweke jikoni."

"Tangawizi ipunguzwe lakini," Injinia akasema.

Nilipokuwa nafunga mkoba Mzee aliinama chini ya meza yake, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kitambaa juu. "Mke wangu ametuma. Ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Ameshachemsha, wewe ni kukaanga kitunguu tu. Mwambie mama yako hicho ndicho chakula, si ile githeri yenu ya maganda."

Nikiwa njiani ndipo nilipotambua. Ule mkebe ulikuwa chini ya meza tangu asubuhi. Aliubeba kutoka Ukambani kwa ajili yangu kabla ya chai, kabla sijasema neno lolote. Labda alishanisamehe huko huko. Labda mkewe alimwambia. Sikuwahi kumwuliza.

Kinoo manyunyu yalikuwa bado. Mama alifungua kitambaa akatazama ndani kwa muda.

"Hii ni githeri imevuliwa koti," alisema. "Na baridi hii."

Nikamwambia imetoka kwa Mzee wa ofisini. Akauliza kama ni yule aliyenifundisha. Nikasema ndiye. Akamenya kitunguu, akatafuta nyanya mbili na bizari. Kisha akaniuliza tutaurudisha huo mkebe na nini ndani yake, nikasema atajua yeye. Mwanangu, aliyekuwa na miaka sita na asiyeona tofauti kati ya Ukambani na Kinoo, alikula sahani mbili. Tulikula muthokoi wa kukaanga, na parachichi moja tulilogawana watatu, na mama akasema hakika ni laini.